Mikono ya Hinda

Mtoto alinyamaza ghafla, na ubaya wote ulianzia hapo.

Aliyewahi kulea anajua kwamba mtoto anayelia hanyamazi kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Hupunguza kidogo kidogo, hushusha pumzi, hushikwa na kwikwi, huanza upya kwa hasira halafu hukumbuka kwamba amechoka. Binti wa Peris hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa sebuleni kwa Mama Dinah, amelazwa kwenye kikapu chake, akilia mpaka ngumi zinatetemeka, mamake akasoma jina moja kwa sauti kutoka kwenye karatasi, na kile kilio kikakatika katikati. Peris aliinua macho. Mtoto alikuwa akitazama juu kwa utulivu, jinsi mtoto anavyomtazama mtu aliyekwisha kumbeba.

"Umesoma nini hapo?" Mama Dinah aliuliza.

"Hinda. Mke wa..."

"Nimesikia. Usilirudie."

Lakini Peris hakusikia katazo. Alikuwa akisikiliza ukimya, na ukimya ulikuwa mtamu.

Nyumba ilikuwa ya Mama Dinah, moja ya zile nyumba za Edmonton, London, zilizobanana barabara nzima, ukipiga chafya wewe jirani anajipangusa. Mwenyewe alikuwa mjane wa Kiyahudi aliyepita miaka themanini, hana mtoto, hana ndugu aliye hai. Peris alikuwa mhudumu wake, ametumwa na kampuni kumwogesha na kumpikia, na aliposhika mimba Mama Dinah akawakaribisha yeye na mumewe Elkana wahamie ghorofani, maana chumba walichokuwa wamepanga kilikuwa kimeota ukungu. Kwa Kiingereza alitaka aitwe Dinah tu. Peris alijaribu, mdomo ukakataa. Mtu wa rika la nyanyake angemwitaje kama mwenzake wa kucheza mchezo wa kati? Akamwita Mama Dinah, na kikongwe akalipenda jina hilo.

Kazi nyingine aliyompa haikuwa ya kampuni. Wazee wa Mama Dinah walitoka Lithuania, enzi za mfalme wa Urusi, wakapanda meli na kushukia London na mabunda yao. Sasa yeye, wa mwisho, alitaka kuwajua kabla hajawafuata. Alikuwa amemlipa mtafiti huko Vilnius apekue makavazi, na kila mara zilifika fotokopi na tafsiri zake: usajili wa ndoa, hesabu za watu wa kijiji, orodha za abiria. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo Peris ndiye aliyesoma. Peris, ambaye shuleni kwao Vihiga, Kenya, alisinzia kwenye kila somo la historia, sasa alijua ni nani alimwoa nani karibu na mji wa Kovno kabla ya vile vita viwili vya dunia.

Na mtoto alilia. Alilia tangu kuzaliwa. Hospitali ilimpima ikasema ni mzima, ni wale watoto wa kulia tu, wapo. Peris hakukubali neno hilo. Kwao mtoto hapewi jina hivi hivi, huulizwa. Akilia bila ugonjwa, wazee huita majina ya wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Mama mkwe wake, Jedidah, alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa simu, Elkana ameishikilia juu ya kikapu. Aliita mababu, akaita mashangazi, akaita hata mjomba mmoja aliyeiba ng'ombe wa kanisa, ambaye hakuna aliyemtaka arudi. Mtoto aliwalilia wote bila ubaguzi. Alikuwa bado hana jina, na halmashauri ilikuwa imeanza kuuliza.

"Amekubali," Peris alinong'ona sasa, mkono kifuani. "Mama Dinah, mtu wenu amekubali." Akamweleza desturi ya kwao, maneno yakimtoka mbiombio kwa furaha.

Mama Dinah aligeuza uso kuelekea dirishani. "Sisi pia huwapa watoto majina ya waliokufa," alisema. "Lakini hilo hatujawahi kumpa mtu."

"Kwa nini?"

"Nimechoka. Nisaidie nikalale."

Ilikuwa saa tisa mchana.

Elkana aliporudi kutoka hospitalini, ambako kazi yake ilikuwa kunyanyua na kusukuma wagonjwa, alikuta nyumba imetulia akadhani amekosea mlango. Peris alimsimulia kwa sauti ya chini. Elkana hakupenda.

"Peris, hao si wetu."

"Basi mwite wako tuone."

Mtoto alikuwa ameanza tena. Elkana alimwinamia akamwita babake mzazi, akamwita babu yake. Kilio kikapanda juu. Peris akasema, "Hinda," kikakatika. Elkana alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Hakuwa amelala usingizi wa maana tangu mtoto aingie duniani, na kazini alikuwa ameanza kusinzia ndani ya lifti.

"Tumuulize mama kwanza," alisema.

"Tutamuuliza kesho."

Kesho yake walilala hadi jua likachomoza, lile jua la Novemba lisilo na joto, wakaamka wakicheka kama maharusi. Hawakuuliza. Mwenye njaa hana miiko, na wenye usingizi ndio hawana kabisa. Jina la mtu wasiyemjua likawa dawa ya nyumba ile. Mtoto akikunja uso tu, Peris aliliita. Aliliita akipika, aliliita akioga, aliliita kwa wimbo akipanda ngazi, na Mama Dinah chini alizidisha sauti ya televisheni.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa ya sufu iliyolowa, na nyuma yake moshi wa kuni, na nyuma ya moshi samaki wa chumvi. Nyumba ilipashwa moto kwa gesi, na hakuna aliyepika samaki. Peris alifua mapazia, alifua blanketi zote, akamwaga maji ya klorini kwenye sinki. Harufu ilikaa juu ya kikapu cha mtoto tu. Mtoto akibebwa kwenda jikoni, nayo ilikwenda jikoni.

Asubuhi moja Elkana alikuwa akinywa chai akimtazama mwanawe aliyelala.

"Lakini wewe una mikono," alimwambia mkewe. "Ulijifunza wapi kumfunga hivi?"

Peris alicheka. "Acha kunichekelea. Si wewe umemfunga?"

"Mimi? Mimi hata tai nafungiwa."

Walitazamana, kisha wakamtazama mtoto. Alikuwa amezungushiwa vitambaa vyembamba kutoka mabegani hadi nyayoni, mikono imebanwa ubavuni, mwisho wa kitambaa umechomekwa chini ya kidevu kwa fundo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kati yao. Vitambaa vilitoka kwenye shuka yao wenyewe. Ilikuwa imechanwa vipande virefu, vizuri, kwa mikono yenye mazoea.

"Ni yule kikongwe," Elkana alinong'ona.

"Mama Dinah hajapanda ngazi mwaka mzima. Hawezi."

Elkana aliliendea fundo na mkasi. Mtoto aliamka. Hakumtazama babake. Alitazama pembeni kidogo, juu ya bega lake, mahali ambapo uso wa mtu mfupi ungekuwa kama angesimama nyuma yake, akacheka.

Tangu siku hiyo waliacha kuliita jina. Haikusaidia kitu, maana mtoto hakulia tena. Na hapo Peris alilazimika kukiri jambo ambalo alikuwa amelificha hata kwa mumewe: mtoto alikuwa amekataa kunyonya. Akiwekwa kifuani aligeuza uso, si kwa ugonjwa, kwa kushiba. Chupa aliisukuma kwa ulimi. Matiti ya Peris yalivimba, yakauma, kisha yakaanza kukauka. Alimpeleka kliniki akiwa na hakika kwamba amekonda. Muuguzi alimweka kwenye mizani, akaangalia chati yake, akatabasamu.

"Hongera mama. Maziwa yako ni mazuri sana."

Peris aliitikia, "Asante." Angesema nini? Aseme kuna mtu anamnyonyeshea mwanawe? London ukisema hivyo wanamchukua mtoto, na wewe wanakupa vidonge. Alirudi nyumbani kwa basi, kigari mbele yake, na mlezi mwingine akiwa ameketi mahali fulani kati yao, kwa sababu abiria waliokuwa karibu walikunja pua wakafungua dirisha.

Jioni ile walimpigia Jedidah.

"Mama mtoto," Jedidah alisema baada ya kusikia yote, "uliita wafu wa nani?"

"Wa huyu mzungu wetu, mama. Sikukusudia. Nilikuwa nasoma tu."

Kuku walisikika kwa mbali upande wa pili wa simu.

"Sisi tunaita wetu kwa sababu tunawajua. Tunajua nani alikufa vizuri, nani tulimzika, nani tulimlilia. Wewe umesimama mlangoni ukaita mtu usiyemjua, ukaita tena, ukaita kila siku. Sasa amekuja. Unafikiri amekuja ili awe mtoto? Msikilize mwanao anavyocheka. Amekuja kwa ajili ya mtoto."

"Tufanye nini, mama?"

"Mimi simjui, nitamwambia nini? Tafuteni wenyewe wake. Na Peris, fanya haraka. Mtoto hasahau haraka kama watu wanavyosema, lakini husahau."

Elkana hakungoja. Siku iliyofuata alimleta Mardhiya, mama mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi jikoni kwenye hospitali ile ile, mjuzi wa mambo ya majini. Mardhiya aliingia na ubani na kisomo, akavua viatu, akafika mlango wa chumba cha juu akasimama. Alisoma pale pale kizingitini. Moshi wa ubani ulikwenda hadi katikati ya chumba ukagawanyika, ukapita huku na huku, kama maji yanavyopita kwenye jiwe. Mtoto alikuwa kwenye kikapu akigugumia kwa raha. Mardhiya alimaliza kisomo chake hadi mwisho, hakuharakisha, lakini jasho lilikuwa likimtiririka.

"Huyu si jini, wanangu," alisema walipokuwa wamerudi jikoni, sauti yake chini kabisa. "Jini nitazungumza naye. Jini huomba: ataka udi, ataka kanga nyekundu, ataka damu, mtasikizana bei. Huyu haombi kitu. Alichokuwa akikitaka yuwanacho."

"Basi amtoe nani?" Peris aliuliza.

Mardhiya alionyesha kwa kidevu ukuta wa sebule, ambako televisheni ilikuwa ikinguruma. "Mwenye nyumba. Alikwambia usilirudie, sivyo? Basi yuwajua. Mwambie mficha uchi hazai."

Peris alitaka kwenda saa ile ile, lakini Mama Dinah alikuwa amekwisha kujifungia chumbani mwake. Elkana alimsindikiza Mardhiya hadi kituo cha basi. Kiza cha Desemba huanguka London kabla watu hawajamaliza chai ya alasiri, na nyumba ilikuwa imeingia kijivu Peris alipoona kwamba kule juu mtoto amenyamaza hata kugugumia, akaanza kupanda ngazi bila kuwasha taa, na kila alipokanyaga alisikia sauti iliyokuwa ikimsubiri amalize kukanyaga ndipo iendelee, sauti nyembamba ya kuimba kwa kufunga mdomo, ile ambayo wanawake wa dunia nzima huitoa puani wanapobembeleza, lakini tuni yake haikuwa ya kwao wala ya kanisani wala ya redioni, na harufu ya sufu mbichi ilikuwa nzito kiasi cha kumbana koo, na alipousukuma mlango aliona kikapu kiko kitupu, na kiti cha karibu na dirisha kimebonyea mto wake kama unavyobonyea ukikaliwa, na juu ya kiti, mahali ambapo mapaja ya mtu yangekuwa, hewani, pasipo na kitu chini yake, mwanawe amelala ubavu, macho nusu yamefumba, shavu limebanwa na kitu kisichoonekana, na koo lake dogo lilikuwa likimeza, likimeza, likimeza.

Peris hakupiga kelele. Alimrukia akamnyakua. Na hapo, baada ya majuma ya ukimya, mtoto alilia. Alilia kwa kumkataa mamake. Alijipinda mikononi mwake, akakinyooshea kiti vidole vyake, uso umewiva kwa uchungu, na maziwa yalikuwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Peris aliujua wote jioni ile: mtoto wake alikuwa akimlilia mama mwingine.

Alishuka ngazi naye akaupiga mlango wa Mama Dinah kwa teke.

"Ni nani?" alisema. "Mama Dinah, nimekuogesha, nimekulisha, nimekubeba hadi chooni. Niambie Hinda ni nani."

Mama Dinah alikuwa ameketi kitandani, mikono kwenye magoti. Alimtazama mtoto anavyojipinda, na kitu usoni mwake kikakubali kushindwa.

"Ni nyanya yangu," alisema.

"Karatasi zinasema alishukia London na mumewe na mtoto."

"Karatasi zinasema alivyoandikwa. Aliyeshuka kwa jina lake alikuwa mwanamke mwingine. Walifika bandari ya Libau, Hinda akashikwa na homa. Kule walikuwa wanakagua, mgonjwa haingii melini. Babu yangu hakutaka kupoteza tiketi. Kulikuwa na msichana wa kijiji chao hapo gatini, mzima, mwenye hamu ya kwenda. Akampa tiketi ya Hinda, akampa na jina lake. Mtoto walimtoa kwenye ziwa la mamake. Alikuwa ananyonya, Peris. Walimtoa akinyonya. Yule mtoto alikuwa mamangu, Reiza."

"Na Hinda?"

"Walisema alikimbia kando ya meli na vazi lake wazi hadi gati likaisha. Hakuna anayejua zaidi. Kwetu jina hilo lilikuwa haramu mezani, kwa sababu aliyekuwa akitupikia supu alikuwa ameliiba. Mamangu aliambiwa akiwa mtu mzima, akaniambia mimi akiwa anakufa."

"Na ukaniacha nilisome mbele ya mwanangu."

"Sikujua lilikuwa kwenye karatasi zile. Kisha ulipoliita tena na tena..." Mama Dinah alifumba macho. "Nilisikia mtu akitembea ghorofani. Nilijua ni nani. Naona aibu kukwambia, lakini nilifurahi. Nyumba hii haijawa na mtu wangu kwa miaka mingi."

Mkataa kwao mtumwa, wanasema wahenga, na ukoo ule ulikuwa umekataa mtu mzima mzima, ukamfuta, kisha ukashangaa kwamba umebaki na mtu mmoja.

Peris alikaa kitandani kando yake, mtoto bado akilia kuelekea darini. Hasira ilikuwepo, lakini haikuwa na kazi.

"Mama mkwe alisema tutafute wenyewe wake," alisema. "Mamako amezikwa wapi?"

Makaburi ya Wayahudi yalikuwa Edmonton hapo hapo, nyuma ya ukuta mrefu wa matofali. Walikwenda siku ya pili mchana, Elkana akimsukuma Mama Dinah kwenye kiti cha magurudumu, Peris na kigari. Mtoto alikuwa kimya tena. Mashuka ya kigari yalikuwa yamechomekwa na mkono usio wa Peris, na kila mara kigari kilipogonga jiwe kilitulia chenyewe, kana kwamba kuna aliyeshika mpini pamoja naye. Peris aliuona mpini ukilowa mahali ambapo hakuwa ameweka vidole. Aliendelea kusukuma.

Kaburi la Reiza lilikuwa katikati ya mamia, jiwe la kijivu lililoinama, na mbele yake benchi fupi ambalo mtu alikuwa amewajengea wafiwa wachovu. Mama Dinah alitaka akalishwe hapo. Elkana alimhamisha kwa urahisi, akamfunika miguu. Mvua nyepesi ilikuwa ikianza.

"Sema naye," Peris alisema. "Mimi nilimwita, lakini si wangu. Sema naye wewe."

Mama Dinah alisema, kwa Kiingereza cha mtoto mdogo aliyeitwa mbele ya darasa, "Hinda. Hinda, mimi ni mtoto wa Reiza. Walikuibia jina, na sisi tukakaa nalo. Yule kwenye kigari si wako. Wako yuko hapa. Alikua, aliolewa, alinizaa mimi. Alikuita alipokuwa anakufa. Alikuita mama."

Upepo haukuvuma, wala ardhi haikutikisika. Kigari ndicho kilichotikisika mara moja, kama kinavyofanya mtu anapoegemea kujiinua. Harufu ya sufu ikapita mbele ya uso wa Peris, ikamwacha. Na mtoto akalia, kilio cha kawaida, kibaya, cha kukwaruza masikio, cha mtoto mwenye njaa aliye kwenye baridi. Peris alimtoa, akafungua koti kwa vidole vilivyokufa ganzi, akamweka kifuani. Mtoto alitafuta, akakosa, akakasirika, akapata. Maumivu ya maziwa yanayorudi yalimpiga hadi mgongoni. Peris alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia.

"Tumemaliza," Elkana alisema, naye akifuta macho. "Twende. Mama Dinah, tuondoke, giza linaingia."

Alimwinamia, akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya kikongwe, jinsi alivyofanya kwa wagonjwa siku zote, akavuta. Mama Dinah hakuinuka. Elkana akajipanga upya, akavuta tena, kisha akamwachia ghafla akarudi nyuma.

"Nini?" Peris aliuliza.

"Kuna mikono," alisema. "Peris, kuna mikono mingine imemshika. Nimeigusa."

Mama Dinah alikuwa ameegemea upande mmoja wa benchi, ambako hapakuwa na kitu cha kuegemea, na kichwa chake kilikuwa kimelala mahali penye urefu wa bega la mwanamke mfupi. Uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa wa msichana. Vazi lake lilikuwa linaanza kukazwa mwilini mwake, polepole, kutoka mabegani kwenda chini.

"Niacheni," alisema.

"Hatuwezi kukuacha hapa," Elkana alisema. "Baridi itakuua."

"Mkinivuta atabaki mikono mitupu." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Na mnajua atakwenda kuijaza wapi. Nendeni. Hakuna aliyenishika hivi tangu mamangu afe."

Elkana alimgeukia mkewe. Peris alikuwa mhudumu wa kikongwe yule, alikuwa ametia sahihi na kuapa, na alimpenda. Alimtazama Mama Dinah, akatazama kichwa cha mwanawe kinachopanda na kushuka kwenye ziwa lake, na hakuhitaji kufikiri.

"Mwachilie," alisema.

Elkana alikikunja kiti cha magurudumu akakibeba begani. Walipita kati ya mawe bila kugeuka, mtoto akilia tena kwa sababu ameondolewa kwenye ziwa, na nyuma yao ile tuni ya kubembeleza ilikuwa imeanza, puani, taratibu, ikiandamana nao hadi kwenye njia ya changarawe. Langoni mlinzi alikuwa ameshika funguo, kofia imevutwa usoni kwa mvua.

"Mmetoka wote?" aliuliza. "Nafunga."

"Wote," Peris alisema, akamfunika mwanawe.